Kuzuia Windows 11 isijisakinishe kwenye kompyuta ya kazi

Kompyuta nyingi za sekretariati (vibanda vya kuchapa hati) hapa Lubumbashi, kuanzia mjini hadi komuni za Kenya na Katuba, bado zinatumia Windows 10 na zinafanya kazi vizuri. Taabu huanza mashine inaposhusha Windows 11 yenyewe. Mzigo huo hupita giga 4, forfait (bando la intaneti) inakwisha, na umeme ukikatika wakati wa kusakinisha unaweza kubaki na mashine isiyowaka huku wateja wamepanga foleni.

Kwanza angalia kama jambo hili linakuhusu. Bonyeza Windows+R, andika tpm.msc. Mashine isiyo na TPM 2.0 (chipu ya usalama), au yenye Windows ya biti 32, haitaletewa Windows 11 kwa njia ya kawaida. Kisha andika winver. Toleo liwe 22H2, la mwisho la Windows 10.

Usizime huduma ya Windows Update. Wengi huiweka "Désactivé", lakini huduma nyingine iitwayo WaaSMedicSvc huweza kuiwasha tena. Hata ikibaki imezimwa, umejinyima viraka vya usalama, na mashine inayochomekwa flashi za wateja kutwa nzima ndiyo inayovihitaji zaidi. Lililo sahihi ni kuifunga Windows kwenye toleo lake, viraka viendelee kuingia.

Kwenye Windows 10 Pro, tafuta "Invite de commandes", bonyeza kulia, chagua "Exécuter en tant qu'administrateur", uandike mistari hii mitatu mmoja mmoja:

reg add HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate /v TargetReleaseVersion /t REG_DWORD /d 1 /f

reg add HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate /v ProductVersion /t REG_SZ /d "Windows 10" /f

reg add HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate /v TargetReleaseVersionInfo /t REG_SZ /d 22H2 /f

Alama za kunukuu kwenye mstari wa pili ni lazima, kwa sababu ya nafasi iliyo kati ya Windows na 10. Washa mashine upya. Siku ukitaka kuhama, futa thamani hizo tatu kwa reg delete.

Toleo la Home halikuundiwa sera hiyo, kwa hiyo kinga yake ni mtandao. Ingia "Paramètres", "Réseau et Internet", fungua Wi-Fi unayotumia, washa "Connexion limitée". Windows itaacha kushusha mizigo mikubwa bila idhini. Mpangilio huu hushika mtandao mmoja tu: ukihamia hotspot ya simu nyingine, uweke upya. Hapa ndipo mega za watu wengi zinapopotelea. Katika "Optimisation de la distribution" zima pia ruhusa ya kushirikiana na kompyuta nyingine, la sivyo mashine yako inaweza kuwapakizia wengine kwa mega zako.

Kama mzigo umeshashuka, menyu ya kuzima itaonyesha "Mettre à jour et arrêter". Usiibonyeze, chagua "Arrêter" peke yake. Kisha, kwenye dirisha lile lile la msimamizi, andika net stop wuauserv na net stop bits, futa vilivyomo katika C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, uziwashe tena huduma zote mbili kwa net start.

Usakinishaji ukikatizwa na umeme, mara nyingi Windows hujirudisha yenyewe na kuandika "Annulation des modifications". Iache imalize, hata ikichukua saa nzima, na iwe kwenye onduleur (UPS) au betri iliyojaa. Kuizima kwa nguvu hapo kunaweza kuiharibu Windows isiwake tena.

Ikiwa Windows 11 imeshaingia, una siku 10 za kurudi kupitia "Paramètres", "Système", "Récupération". Usiiguse folda ya Windows.old, wala usiruhusu "Nettoyage de disque" iifute. Ukitaka muda zaidi, kabla siku hizo hazijaisha andika kwenye dirisha la msimamizi:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Kurudi huondoa programu ulizoweka baada ya kuhama. Hati zako hubaki, lakini zinakili kwanza kwenye diski ya nje.

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Viraka vya ziada vya ESU kwa watumiaji binafsi vilitangazwa hadi 13 Oktoba 2026. Hudai toleo 22H2, hupitia Windows Update, na unajiandikisha kwenye ukurasa wake ndani ya "Paramètres". Mashine usiyoiandikisha, itoe kwenye intaneti na uiachie uchapishaji tu.