Unakwenda kulala kwenye hema milimani mwezi wa saba? Anza hapa

Sisi watu wa Dodoma mjini tunaidharau baridi. Ule upepo wa Juni na Julai unaopasua midomo tumeuzoea. Tunavaa sweta mpaka saa nne asubuhi, jua likikolea tunalivua, basi. Halafu mtu anapakia hema kwenye pikapu, anachukua blanketi lake lile lile la kitandani, anaelekea milima ya Mpwapwa. Dodoma iko takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Julai joto hushuka hadi nyuzi 13 hivi. Milima ya Rubeho, upande wa juu wa Mpwapwa, inapita mita 2,000. Kila ukipanda mita 1,000 unapoteza nyuzi kama 6. Piga hesabu mwenyewe, kisha ongeza upepo na ukungu.

Ruhusa kwanza. Msitu wa hifadhi ni wa TFS, wakala wa misitu, pori la akiba kama Swagaswaga ni la TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na kijiji kina serikali yake. Vibali ulivyonavyo visikufanye uipite ofisi ya mtendaji. Gari geni linalowasha taa porini saa tatu usiku watu wanalihesabu kuwa la wezi wa ng'ombe au wa mbao, na hawaji kuuliza wakiwa mikono mitupu. Simama, salimia, "mbukwa" ya Kigogo inatosha kuanzia, sema mnalala wapi na mnaondoka lini. Mara nyingi mwenyekiti wa kitongoji ndiye atakayekuambia kwamba daraja la mbele liliondoka na maji mwezi wa tatu.

Gari sasa. Tairi nne nzima na spea mbili, maana miiba ya migunga haina huruma, na ukiwa na spea moja tu, ukishaifunga huna kitu tena. Jeki, pamoja na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini yake. Kwenye mchanga jeki isiyo na ubao inazama yenyewe na gari linabaki pale pale. Koleo. Panga. Kamba ya kuvutia gari, si ya kufungia mbuzi. Pampu ya upepo inayotumia betri ya gari. Fenibelti, filta ya dizeli, maji ya rejeta. Mafuta ya kwenda na kurudi, halafu ongeza nusu ya hapo, kwa sababu ukipanda mlima kwa gia nzito tanki linashuka ukiliangalia, na huko vijijini utauziwa kwenye chupa dukani bila kujua kimechanganywa nini.

Kwenye makorongo ya mchanga, shuka uvuke kwa miguu kwanza. Ukiona panapitika, punguza upepo wa tairi: kama kawaida unatembea na psi 35, shusha hadi 20 hivi, ingia na gia nzito, usisimame katikati kujadiliana na abiria. Ramani ya simu itakuonyesha njia iliyonyooka, usiiamini sana. Kondoa ndiyo usiseme. Mmomonyoko wa kule ulifikia mahali ambapo mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, uliishia mwaka 1979 kwa kuondoa mifugo yote kwenye maeneo yaliyoharibika zaidi. Miti imerudi sehemu nyingi, lakini korongo lililokwisha kuchimbika halifukiki kwa sababu wewe una safari.

Na usidanganyike kwamba kiangazi hakina tope. Huku chini Julai hatuoni tone la mvua, lakini juu milimani ukungu unadondoka kwenye majani usiku kucha, na ikifika asubuhi ule udongo mwekundu ulio chini ya kivuli cha miti ni sabuni tupu. Teremka kwa gia, usikanyage breki kwa pupa.

Nyasi ndefu zilizokauka nazo zina ubaya wa aina mbili. Mbegu zake zinaziba rejeta mpaka injini inachemka, na majani yake yanajikusanya chini ya gari juu ya ekzosi. Kila mkipita kwenye nyasi kwa muda, simama, inama uchungulie, zitoe kwa mkono au kijiti. Ukisikia harufu ya nyasi zinazoungua, usiseme ni wakulima wanachoma mashamba. Angalia chini ya gari lako kwanza.

Hema lifunge kamba zote, hata zile ulizoona ni za urembo. Vile vigingi vya bati vinavyokuja nalo vinapinda kwenye ardhi yetu. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akukatie vipande vya nondo, umeshamaliza. Usipige hema kileleni penye upepo wala usilipige bondeni kabisa, kwani hewa ya baridi huteremka usiku na kutuama huko. Tafuta kati, penye kinga ya kichaka au mwamba. Ila kama uko Kolo, kule Kondoa, au popote penye mapango ya michoro, hapo chini ya mwamba usiwashe moto hata wa kuchemshia chai. Michoro ile imo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2006, na masizi hayasafishiki bila kuondoka na rangi.

Kitandani watu wengi wanakosea upande. Wanajifunika mablanketi matatu na chini wametandika turubai. Baridi inayokuamsha saa tisa usiku inatoka ardhini. Gawanya mablanketi: yanayokwenda chini yawe mengi kuliko ya juu, na chini yake kabisa mkeka au godoro la sponji. Godoro la kujaza upepo peke yake halisaidii, hewa iliyomo ndani inapoa nawe unapoa. Mifuko ya kulalia mizuri inapatikana mitumbani kwa bei ya kuongea. Fungua zipu yote kabla hujalipa. Nguo ulizotembea nazo mchana zimeshika jasho, zivue zote mpaka soksi, vaa kavu. Kula kabla ya kulala. Mkojo usiubane, toka.

Sasa jiko.

Jiko la mkaa halilali na watu. Sijali hema lako lina madirisha mangapi. Nasema hivi kwa sababu nilikuwepo, Julai, juu huko Mpwapwa, tukiwa na mahema mawili na gari moja. Tulichoma nyama jioni, mkaa ukabaki mwekundu, mzuri, umefunikwa na majivu membamba. Vijana watatu wa hema la pili wakalibeba jiko wakaliingiza ndani, wakaweka na birika la chai juu yake. Fundi wetu, mtu mzima, aliwaambia walitoe. Mmoja akamjibu kwa adabu kabisa: "Mzee, moshi umeshaisha. Hili limebaki joto tu." Fundi akarudia mara moja tena, kisha akaenda kulala. Ukungu ulikuwa umeshashuka, turubai limelowa, nao wamefunga zipu zote pamoja na vile vidirisha vya juu.

Usiku wa manane kamba ya hema letu ikavutwa kwa nguvu. Tulidhani fisi. Kumbe ni yule mdogo wao, alikuwa ametoka kukojoa, miguu ikamwishia njiani akaangukia kamba. Alikuwa anasema kichwa kinampasuka, maneno hayakai sawa, na kwa muda tulifikiri amekunywa. Fundi hakufikiri hivyo. Alikwenda moja kwa moja kwenye hema lao, akavuta zipu, akawashika wale wawili miguu akaanza kuwaburuta nje, huku akitupigia kelele tusiingie kukaa humo kuwaamsha. Mmoja alikuwa ametapika kwenye mto wake. Walikuwa wanapumua, ila ukimpiga mtu kofi anafungua macho, anakutazama kama hakujui, anayafunga. Jiko lilikuwa bado limo ndani, birika juu yake, mkaa ukiwaka taratibu bila moshi wowote. Ule mkono niliouingiza kulitoa ulipata joto zuri, na ndilo lililowadanganya.

Kinachoua hapo ni kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho kama moshi. Mkaa unaitoa wakati wote, na unapokosa hewa ya kutosha unaitoa zaidi, kwa hiyo lile kaa linalofifia ambalo watu huliona limetulia ndilo baya. Ikiingia mapafuni inakamata damu mahali ambapo oksijeni ingekaa, na inang'ang'ania kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mwili unakaa na njaa ya hewa huku mtu anahema kama kawaida. Dalili zake ndizo zinazopoteza watu: kichwa kuuma, kichefuchefu, kulegea, kusinzia. Yote hayo mtu aliyeshinda anapanda mlima na kula nyama jioni anaona ni uchovu. Na usiniambie kitambaa cha hema kinapitisha hewa. Kikavu labda kidogo. Kikishalowa ukungu, vitundu vyake vimejaa maji.

Tulipotaka kuondoka ndipo nikaelewa kwa nini madereva wa zamani hawaegeshi gari hovyo. Gari letu lilikuwa limeingia pua mbele hadi kwenye mwamba. Nyuma kumejaa maboksi, viti, tenki la maji, hakuna pa kumlaza mtu. Ufunguo hauonekani. Dereva alikuwa mmojawapo wa wale wawili, na suruali yake aliyoivua ilikuwa humo hemani, chini ya mablanketi, ufunguo kwenye mfuko mdogo wa ndani. Tuliupata baada ya kumwaga kila kitu kwenye umande. Kisha kurudisha gari nyuma kwenye njia ya magogo, gizani, kwenye ule udongo mwekundu, mtu mmoja akitembea nyuma na tochi anaonyesha ukingo. Kituo cha afya tulikifikia karibu alfajiri. Mganga wa zamu aliwatazama, akatuuliza swali moja tu: "Mlikuwa na jiko ndani?" Waliwekewa oksijeni. Wote watatu wako hai. Mmoja kichwa kilimsumbua siku kadhaa.

Kwa hiyo gari liegeshwe likitazama njia ya kutokea, kabla hamjashusha hata sufuria. Ufunguo ukae mahali pamoja ambapo kila mtu mzima anapajua, na awepo mwingine anayeweza kuendesha. Kiti cha nyuma kibaki wazi usiku. Mkipata mtu wa namna ile, mtoeni nje penye hewa safi, mlazeni ubavu, msimnyweshe chochote, wala maziwa, wala maji ya ndimu, na mpelekeni hospitali hata akiamka akasema amepona. Walio naye hemani nao waende, hata kama wanajiona wazima.

Haya, utapata wapi joto? Chemsha maji nje, jaza chupa ya chuma yenye mfuniko usiovuja, iingize ndani ya soksi, iweke miguuni. Chupa ya plastiki ya maji ya dukani italegea ukiimwagia yanayochemka, acha yapoe kwanza kidogo. Vidirisha vya juu vya hema viache wazi, tena bila jiko vinakusaidia, maana pumzi zenu zinageuka maji kwenye kitambaa na kuwadondokea. Na anayetaka kulala ndani ya gari injini ikinguruma ili apate joto, mwambie ni yale yale, hasa ekzosi ikiwa imezama kwenye nyasi au imeegemea ukingo.

Moto wa nje nao una masharti. Fagia nyasi hatua tatu kila upande, chimba shimo dogo, weka dumu la maji pembeni kabla hujawasha kiberiti, si baada. Huu ndio msimu wa moto kichaa, na upepo wa Julai haukupi nafasi ya pili. Usilale moto ukiwa bado unawaka. Mwagia maji, koroga majivu, mwagia tena, gusa kwa kiganja. Kuni ni zilizoanguka chini tu. Mti wa msitu wa hifadhi hata ukionekana umekufa si wako.

Tochi ya kichwani kwa kila mtu na betri za akiba. Maji ya kunywa lita nne kwa mtu kwa siku, hata kama kuna kijito. Dawa za mtu anayezitumia kila siku zigawanywe mifuko miwili. Mitandao ya simu inashika ukiwa mgongoni mwa mlima na kupotea ukishuka upande wa pili, kwa hiyo mwachie mtu wa nyumbani jina la kijiji, na saa ya kuanza kuwatafuta. Chakula kifungwe ndani ya gari, fisi ana pua. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa, nge anapenda kujificha humo. Ukielekea mapori ya akiba ya Rungwa na Kizigo jiandae na mbung'o, wanafuata gari, na nguo za bluu na nyeusi zinawaita. Usiendeshe usiku kama hakuna anayeumwa. Pombe iache mjini, au basi dereva aiache. Ukishafika lami simama ujaze upepo tena, tairi lililolegea likikimbizwa linapata moto na kupasuka, na kaza nati zote za magurudumu kabla hujaanza kukimbilia nyumbani.