Mgeni wa Boston: msimkatie tiketi mbili

Kutoka LaGuardia, New York, hadi Logan, Boston, ni kama kilomita 300 za angani. Ni zaidi kidogo ya Nairobi na Kisumu, na ndege haikai hewani hata saa nzima. Ndiyo maana jamaa wa nyumbani wakisikia mgeni anakuja Lowell au Worcester, miji ya karibu na Boston, humkatia tiketi mbili: moja ya Nairobi hadi JFK, kiwanja kingine cha New York, nyingine ya bei nafuu ya LaGuardia hadi Boston, kwenda na kurudi. "Si ni hapo tu?" Jamani, si hapo tu.

JFK na LaGuardia ni viwanja viwili mbalimbali. Kati yao kuna kilomita 16 hivi za barabara, na hakuna treni ya moja kwa moja. Magari yakishikana, unaweza kumaliza saa nzima humo. Kabla ya hapo mgeni amepanga foleni ya uhamiaji, amesubiri masanduku, amepita forodha. Na kule anakokwenda, mizigo huacha kupokelewa dakika 40 au 45 kabla ya ndege kuondoka.

Mama yangu mdogo alinasa papo hapo. Alifika kaunta na masanduku mawili na katoni ya majani ya chai iliyofungwa kwa manila, ndege bado iko langoni, akaambiwa mizigo imefungwa. Kampuni iliyomtoa Nairobi ikasema kazi yake iliishia JFK. Hii nyingine ikaandika kwamba abiria hakutokea, kisha ikafuta na tiketi yake ya kurudi. Soma tena hapo: ukikosa kipande cha kwanza, vilivyobaki kwenye tiketi hiyo hufutwa. Hela haikurudi.

Dada wa kaunta alimwonea huruma kweli, akamtafutia kiti na maji. Lakini hakugusa kitu. Wamarekani ni watu wema, ila wema wao hauingii kwenye kompyuta ya kampuni, na hakuna mkubwa wa kumwona pembeni. Kwetu mama wa umri ule angetafutiwa njia, na sioni aibu kusema hapo tunawazidi.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia: tiketi iwe moja, namba ya buking moja, mwisho wake pameandikwa Boston. Tiketi mbili hazijuani. Hata ikiwa moja, kama anaingilia Marekani kupitia New York atachukua masanduku hapo, apite forodha, ayakabidhi upya. Msimwachie chini ya saa tatu.

Kiti cha magurudumu kiombwe mapema, ni bure. Nyama asibebe. Namba yako iwe kwenye karatasi, simu huzima.

Kama binamu ameshalipa, angalieni saa. Tiketi iliyonunuliwa siku 7 au zaidi kabla ya safari, moja kwa moja kwenye kampuni ya ndege, kwa kawaida hufutwa bila gharama ndani ya saa 24 tangu kununuliwa. Zikipita, mgeni alale kwa jamaa New Jersey, kesho apande basi Manhattan, mwendo wa saa nne au tano, yuko Boston. Lakini pigieni kampuni ya ndege ya Boston kabla ndege haijaruka, mwombe tiketi ya kurudi isiguswe. Ikisharuka, hawana la kuwasikiliza.