Kupitisha boti Hawkesbury Junction bila kugonga daraja

Hapa Coventry Canal na Oxford Canal zinakutana, kaskazini ya jiji la Coventry, Uingereza. Ukitoka Oxford Canal kwenda kaskazini unageuka digrii 180, na hilo si kosa la mchoraji wa mfereji. Mwaka 1777 mifereji hii iliungana Longford, baada ya kwenda sambamba karibu maili nzima, kwa sababu kampuni mbili ziligombania ushuru. Makutano yalihamia hapa mwaka 1803.

Kwanza unakutana na loki, yaani chumba cha maji chenye milango huku na huku, cha kuvusha boti kati ya viwango viwili vya maji. Tofauti ya maji ni inchi chache tu. Ilijengwa kulinda maji ya kampuni, si kupandisha boti mlimani. Ingia taratibu, funga milango nyuma yako, kisha fungua vilango vya maji vya mbele kwa mkono wa chuma wa kuzungushia. Wengi hukosea hapa: wakiona maji yanakaribia kulingana, huusukuma mlango kwa omo, yaani sehemu ya mbele ya boti. Sentimita 2 tu za tofauti zinaukandamiza mlango kwa uzito wa kilo 60 hivi. Egemea boriti ya mlango, usubiri. Maji yakilingana utafunguka wenyewe. Ukitoka, shusha vilango vyote na ufunge milango.

Jengo la matofali lililo karibu lilikuwa na mashine ya mvuke ya aina ya Newcomen, iliyoletwa mwaka 1821 kuujazia mfereji maji. Mashine yenyewe sasa iko mji wa Dartmouth, kusini-magharibi ya Uingereza.

Mbele kuna daraja la chuma cha kusubu la mwaka 1837, na kona yenyewe. Mtangulize mwenzako juu ya daraja aangalie boti zinazokuja, maana wewe uko tezi, yaani nyuma ya boti, na omo inaweza kuwa mita 20 mbele yako. Piga honi ndefu. Pita ukiwa umepunguza mwendo kabisa, sukuma mkono wa usukani hadi mwisho, kinyume na unakotaka kwenda, halafu ongeza moto wa injini kwa sekunde chache na upunguze tena. Maji yanayotupwa na rafadha, yaani panga la injini, ndiyo yanayoupa usukani nguvu. Boti ikielea bila moto haigeuki. Boti huzungukia katikati yake, hivyo tezi itatupwa nje: iangalie isigonge ukingo.

Omo ikikaribia ukingo wa pili, rudi nyuma kidogo, lakini ukumbuke kwamba kinyumenyume usukani haukusaidii. Hapo shika pondo, yaani mti mrefu wa kusukumia boti, usukume omo. Usizuie kwa mguu. Boti ya tani 15 haisimami kwa mguu wa mtu.