Mchakato ulioganda hufaje kumbukumbu ikiisha? Jaribu mwenyewe kwenye Linux

Kumbukumbu ikiisha, kerneli ya Linux huchagua mchakato mmoja na kuupelekea SIGKILL, yaani ishara ya kufa. Wengi hudhani kazi imeishia hapo. La. SIGKILL ni amri tu. Mchakato wenyewe ndio unaopaswa kuamka, kuingia kwenye njia ya kufa na kuachia kurasa zake, yaani vipande vya kumbukumbu ulivyoshika. Uliogandishwa, yaani uliosimamishwa kwa muda, utaamkaje? Tuone.

Hatua ya 1. Tumia mashine pepe, si seva yenye kazi za watu. Inahitajika kerneli 5.2 au mpya zaidi yenye cgroup v2 (mfumo wa kerneli wa kupanga michakato katika makundi na kuyawekea mipaka). Ukiwa root:

```
cd /sys/fs/cgroup
echo +memory > cgroup.subtree_control
mkdir -p jaribio/baridi jaribio/moto
echo 300M > jaribio/memory.max
echo 0 > jaribio/memory.swap.max
```

Mstari wa mwisho unaizuia kerneli isikimbilie diski.

Hatua ya 2. Anzisha mchakato mkubwa, subiri sekunde chache, kisha ugandishe:

```
sh -c 'echo $$ > jaribio/baridi/cgroup.procs; exec python3 -c "x=b\"x\"*(200<<20); import time; time.sleep(900)"' &
echo 1 > jaribio/baridi/cgroup.freeze
cat jaribio/baridi/cgroup.events
```

Utaona `frozen 1`. Usibadilishe `b"x"*` kuwa `bytes()`: hiyo huomba nafasi bila kuigusa, na kerneli huhesabu kurasa zilizoguswa tu.

Hatua ya 3. Rudia amri ya kwanza ya Hatua ya 2 ukiweka `moto` badala ya `baridi`, na 150 badala ya 200. Usigandishe. Kisha:

```
dmesg | tail -n 40
```

Tafuta `Memory cgroup out of memory: Killed process`. Aliyeuawa ni yule aliyeganda, kwa sababu ndiye mwenye kurasa nyingi. Kuganda si kinga. Kinga ni `oom_score_adj`, alama ya mchakato inayoanzia -1000 (haguswi) hadi 1000, nayo naishauri kwa uchache sana: ukiwakinga wengi, kerneli itaua usichotarajia.

Sasa kiini cha jambo. Kerneli inapomtia alama mhanga, humyeyusha palepale, na kigandishi hakiruhusiwi kumgandisha tena. Hapo ndipo anaweza kuipokea SIGKILL na kufa. Kwenye cgroup v2 hata `kill -9` yako ya kawaida humfikia aliyeganda. Kwenye v1 haimfikii: inabaki ikisubiri mpaka uandike `THAWED` (umyeyushe), na kumbukumbu inabaki imeshikwa muda wote huo.

Usichanganye kuganda huku na hali ya `D`, yaani mchakato uliokwama ukisubiri diski au faili la mtandaoni. Huo kerneli haiwezi kuuamsha kwa nguvu. Kwa ajili yake, tangu toleo 4.6 la mwaka 2016, kuna uzi wa kerneli uitwao `oom_reaper`, unaovuna kurasa binafsi za mhanga bila kusubiri afe. Uzi huo unahitaji kwanza kupata kufuli la ramani ya kumbukumbu. Ukilikosa mara 10, huandika `unable to reap` na kumwacha, kisha kerneli inaweza kutafuta mhanga mwingine. Ukiona wawili au watatu wameuawa kwa mfululizo, anza kutafuta maneno hayo.

Hatua ya 4. Safisha (`cgroup.kill` inataka 5.14 kwenda juu):

```
echo 1 > jaribio/cgroup.kill
rmdir jaribio/baridi jaribio/moto jaribio
```

`rmdir` ikigoma, kuna mchakato ambao haujamaliza kufa. Ngoja kidogo, urudie.