Kupiga filimbi ya bati: ziba matundu kwanza, pumzi baadaye

Kama ndiyo unaanza, tafuta filimbi ya ufunguo wa D, yaani ile ambayo noti yake ya chini kabisa ni D. Nyimbo nyingi za filimbi hii hufundishwa kwa ufunguo huo, na matundu yake sita yamekaa karibu, vidole havihangaiki.

Mkono wa kushoto hukaa juu: shahada, kidole cha kati na cha pete kwenye matundu matatu ya karibu na mdomo. Mkono wa kulia huziba matatu ya chini kwa vidole hivyo hivyo. Dole gumba zote mbili zinashikilia kwa nyuma. Ziba kwa nyama ya kidole, si kwa ncha, na vidole viwe vimenyooka kidogo. Bonyeza tundu kwa sekunde chache kisha tazama kidole: alama ikiwa duara kamili, umeziba. Ikiwa nusu duara, hewa inavuja hapo.

Weka mdomo wa filimbi katikati ya midomo, kama sentimita moja tu. Usiung'ate.

Sasa ziba tundu la kwanza peke yake, la juu kabisa, upulize polepole. Hiyo ni noti ya “la”. Ongeza tundu la pili upate so, la tatu fa, la nne mi, la tano re. Yote sita yakizibwa ni do. Usiongeze tundu kabla sauti uliyonayo haijatulia. Yote yakiwa wazi unapata ti, na hapo dole gumba ndizo zinazobeba filimbi, pamoja na midomo.

Filimbi ikipiga kelele kali, wengi hukimbilia kupunguza pumzi. Mara nyingi kosa ni tundu linalovuja, hasa la kidole cha pete cha kulia. Rudi kwenye noti ya “la”, ushuke tundu moja moja. Sauti inapoharibika, kidole ulichoongeza mwisho ndicho cha kurekebisha. Kama vyote vimeziba na do bado inaruka juu, hapo kweli unapuliza kwa nguvu mno. Do ya chini inataka pumzi laini kuliko noti zote.

Oktava ya juu, yaani noti hizo hizo zikirudiwa kwa sauti nyembamba zaidi, hutumia vidole vile vile kwa pumzi ya kasi zaidi. Kwa do ya juu, fungua tundu la kwanza na uzibe mengine matano; hutoka safi zaidi.

Anza kila noti kwa ulimi, kama unayetamka “tu” bila kutoa sauti. Ukikatisha kwa koo, wimbo unakuwa mzito.

Sauti ikififia katikati ya wimbo, ni unyevu: pumzi ya moto imekutana na filimbi baridi. Funika dirisha la mdomoni (uwazi ulio juu ya mdomo wa filimbi, sauti inapotokea) kwa kidole, upulize kwa nguvu mara moja. Kuipasha mkononi kabla ya kupiga hupunguza tatizo hili.

Ukimaliza, pitisha kitambaa cha pamba ndani kwa kijiti chembamba. Mdomo wa plastiki uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo; ya moto sana huupinda. Wenye kizibo cha mbao usiulowanishe, mbao huvimba na kubana njia ya hewa. Uchafu ukinasa, tumia ukanda wa karatasi ngumu, kamwe si pini wala kisu: mkwaruzo mdogo kwenye makali ya dirisha unaharibu sauti moja kwa moja.