Kuhama Microsoft Office kwenda LibreOffice bila mchoro kuachana na swali lake

Dada yangu anafundisha Biolojia sekondari. Office ya laptopu yake ilikuwa ya kuwekewa mtaani, bila leseni, na ilishaanza kugoma. Nikamhamishia LibreOffice, programu inayofanya kazi kama za Office. Kwa barua, mitihani na matokeo inamtosha kabisa, ila kuna hatua moja iliyotumalizia usiku mzima.

1. Pakua programu libreoffice.org uisakinishe. Ni bure. Office usiifute kwanza.

2. Fungua Tools, Options, Load/Save, General. Kwenye "Always save as" chagua Word ya .docx, kisha Excel ya .xlsx, ili walimu wenzako wafungue faili zako bila shida.

3. Fonti, yaani aina ya mwandiko. Hapa usikimbie. Tulifungua mtihani ndani ya LibreOffice, ukawa sawasawa, tukafuta Office. Kesho yake mistari imepanda na mchoro wa moyo uko chini ya swali lisilo lake. Mtihani uliandikwa kwa Bookman Old Style, fonti inayokuja na Office, haimo kwenye Windows yenyewe. Office ilipoondoka, ikaondoka nayo. Kwa hiyo, kabla ya kufuta, pitia faili zako uandike fonti zote zilizotumika.

Ukishafuta, bofya katikati ya maandishi utazame kisanduku cha fonti: jina likiwa limelala (italiki), fonti hiyo haipo. Nenda Tools, Options, LibreOffice, Fonts, washa jedwali la kubadilisha, andika fonti iliyokosekana na ya kushika nafasi yake, halafu bofya alama ya vema. Usipoibofya hakuna kinachoingia. "Always" na "Screen only" ziache wazi zote mbili. Sisi tuliweka tiki kwenye "Screen only": kiooni safi, kwenye karatasi vurugu, na tayari tulishapoteza rimu nusu.

Hata hivyo upana wa herufi hautalingana. Dada alikuwa anasukuma maswali ukurasa wa pili kwa kubonyeza Enter mara kumi. Futa hizo Enter zote, weka Ctrl+Enter pale ukurasa unapoanza. Mitihani mipya iandikwe kwa Times New Roman. Hata kwenye kompyuta isiyo nayo, ya Linux (mfumo mwingine badala ya Windows), LibreOffice huweka Liberation Serif, yenye upana uleule. Calibri nayo hupokewa na Carlito.

4. Jedwali la matokeo: SUM, AVERAGE, RANK na VLOOKUP zinafanya kazi. Lenye makro za Excel (amri zilizoandikwa zifanye kazi zenyewe) lijaribu kwanza. Zikigoma, na shule inazitegemea, baki na Excel yenye leseni kwa kazi hiyo.

5. Steshenari usipeleke .docx. Nina steshenari, naona kila wiki mitihani ikivurugika kaunta. Bofya File, Export As, upeleke PDF.