Kabla hujapanga foleni kliniki ya miguu

Mama ana kisukari, na siku ya kwanza nilipompeleka kliniki ya miguu tulijiandaa kama watu wa harusini. Jana yake alipita kijana wa kikapu, wale wanaosafisha miguu na kupaka rangi kucha majumbani, akamsugua visigino mpaka vikang'aa. Jioni dada akamchora hina na piko juu ya vidole. Asubuhi akavaa viatu vya Idi. Nesi akamtazama miguuni, akatabasamu: "Bi mkubwa umependeza, ila umenifichia kila nilichotaka kukiona."

Rangi ya kucha inaficha ukucha uliogeuka njano au mweusi. Hina na piko vinaficha wekundu wa ngozi inayobanwa. Na sugu iliyokwanguliwa jana kwa wembe haisemi tena mguu unaelemewa wapi. Kwa mwenye kisukari sugu ni ushahidi, maana inaota pale uzito unapoangukia, na mara nyingine chini yake kuna kidonda ambacho bado hakijatoboka. Kwa hiyo wiki moja kabla, acha wembe, acha jiwe, acha rangi. Hina haiishi kwa wiki moja, hiyo iache mapema zaidi. Osha miguu kwa maji ya kawaida na sabuni, kausha vizuri katikati ya vidole, basi. Maji ya moto usiyaguse: asiyesikia joto anaweza kuungua huku anakusimulia habari za mtaani.

Kama kidonda kipo tayari, usikipake GV wala kukimwagia unga wa kapsuli iliyopasuliwa. Najua kila ukoo una mtu anayeapa kwamba ndiyo iliyomponya. GV inatia zambarau kila kitu, na ule unga unakauka ukawa kifuniko, usaha ukabaki chini. Kisafishe kwa maji safi, kifunike kwa gozi safi, uende nacho hivyo hivyo. Ukiwa na simu, kipige picha kila siku mbili tatu tangu kinapoanza, mahali penye mwanga. Daktari akiuliza "kilikuwa kikubwa hivi tangu lini?" picha zitajibu vizuri kuliko mabishano yenu.

Halafu viatu. Chukua mfuko utie vile anavyovaa kweli: kandambili za uani, makubazi ya sokoni, raba za safari. Vya wageni viache kabatini. Mara yetu ya pili nesi hakuanza na mguu wa mama, alianza na kiatu chake. Aliingiza mkono ndani, vidole vikatembea juu ya soli polepole, vikasimama. Akanipa na mimi niguse. Ilikuwa ncha ya msumari wa fundi viatu, fupi kuliko punje ya mchele, imechomoza pale kidole gumba kinapokanyaga. Kiatu kilitiwa soli mpya mwezi uliopita, na mama alikivaa karibu kila siku. Chini ya kidole kulikuwa na tundu dogo lenye ukingo mweupe.

"Mama, hukusikia?"

"Ningesikia ningekwambia, mwanangu."

Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na huanza na ile mirefu kabisa, inayofika vidoleni. Wapo wanaopata kuwakawaka na kuchomwachomwa usiku. Wapo wanaokaa kimya tu, wakidhani mguu usiouma ni mguu mzima. Tunasema panya hung'ata huku anapuliza. Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha taarifa ya wagonjwa wa kisukari nchini Tanzania waliong'atwa na panya miguuni. Kwa mguu wenye ganzi panya hana haja ya kupuliza.

Ganzi unaweza kuipima nyumbani kabla ya siku yenyewe, na hailipiwi. Mlaze mzee wako, mvue soksi, mwambie afumbe macho na aseme kila anapoguswa, mguu wa kulia au wa kushoto. Gusa kwa ncha ya kidole chako, taratibu, kwa sekunde moja au mbili: kidole gumba, cha katikati na kidogo cha kila mguu. Usibonyeze, usipapase, usirudie kidole alichokosa. Hivyo ni vidole sita. Asiposikia viwili au zaidi, andika ni vipi. Njia hii ilitoka hospitali ya Ipswich, Uingereza, na ilibuniwa kwa ajili ya watu wasio na kifaa chochote. Kliniki wenyewe wana uzi wa nailoni unaopinda ukifikia mgandamizo wa gramu 10. Mama aliuliza kama ni mshipi wa kuvulia samaki. Nesi akamwambia ni binamu yake.

Makaratasi ni mambo ya kawaida: daftari la kliniki ya kisukari, barua ya rufaa kama umepewa, kadi ya bima, vipimo vya nyuma, na dawa zenyewe kwenye maboksi yake, za asili zikiwemo. Zaidi ya hapo kuna maswali ambayo wazee wengi hujibu "sijambo" wakiulizwa ghafla, kwa hiyo yaulize nyumbani. Anatembea umbali gani kabla misuli ya nyuma ya mguu haijaanza kumbana? Usiku anautoa mguu nje ya kitanda ili upate nafuu? Anavuta sigara? Amewahi kuwa na kidonda kilichochukua miezi kupona? Maswali mawili ya kwanza yanaonyesha damu inafikaje miguuni, na damu isipofika hakuna bandeji itakayofunga kidonda.

Usimpeleke na njaa, labda kama mmeambiwa kuna kipimo cha kufunga. Insulini au vidonge kama glibenklamaidi vikikutana na tumbo tupu kwenye benchi la foleni, sukari inashuka: jasho jembamba, mikono inatetemeka, maneno yanapotea. Beba chakula, na soda yenye sukari ya kweli. Mvalishe nguo inayopanda mpaka magotini bila vita.

Kwa mtoto maandalizi ni mengine. Akizaliwa na mguu kifundo, wayo umegeukia ndani, usingoje atembee. Wiki zake za kwanza ndizo nzuri, na si laana wala mkosi wa mtu. Tiba ya Ponseti, iliyopewa jina la daktari Ignacio Ponseti aliyefanya kazi Iowa, Marekani, inanyoosha mguu polepole kwa plasta zinazobadilishwa kila wiki, kwa kawaida tano au sita. Watoto wengi hukatwa pia kidogo kano ya kisigino. Baada ya hapo mtoto huvaa viatu viwili vilivyounganishwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu mpaka miaka minne au mitano. Nauli ya mara ya kwanza kila mtu anaipata. Inayokwamisha ni ya wiki ya nne. Kwa hiyo kabla ya plasta ya kwanza kaeni kama familia mpange nauli ya mwezi na nusu, na mkubaliane nani atasimamia viatu vile usiku mtoto akilia na bibi akisema "mvueni, mnamtesa." Mguu hupinda tena viatu vikiachwa. Siku ya plasta mchelewe kidogo kumnyonyesha, anyonye wakati anafungwa, atatulia.

Nyayo bapa za mtoto wa miaka mitatu, kwa upande mwingine, zisikutoe jasho. Mwambie asimame kwa ncha za vidole. Upinde ukitokea na haumii, mwache akimbie. Ikiwa kuna maumivu, au mguu mmoja tu ndio bapa, au wayo mgumu haukunjiki, hapo nenda. Viatu vya shule vipimie karatasi: asimame juu yake jioni, mguu umeshavimba wa siku nzima, uchore kwa penseli, ukate, uende na karatasi dukani hata mtoto asipokwenda. Acha nafasi ya sentimita moja mbele ya kidole kirefu. "Atakua navyo" ni hesabu ya mzazi; kisigino kinachoteleza kinachubuka leo. Penye funza, pini moja isizunguke nyumba nzima, na hakikisha chanjo ya pepopunda ipo.

Sisi wa katikati, tunaosimama dukani kutwa au kuvaa mabuti ya mvua shambani, tunapita haraka hapa kwa sababu hatuendi mpaka ukucha umeingia nyamani. Kata kucha moja kwa moja, usizungushe pembeni. Ukipewa dawa ya fangasi, sema tangu lini ulianza kujipaka nyingine za dukani, na zipi.

Kuna mguu usiosubiri tarehe. Kidole kilichogeuka cheusi, wekundu unaopanda, harufu, homa, au wayo uliovimba na kuwa wa moto ghafla kwa mwenye kisukari hata kama hauumi: huo usiukanyagie, nenda leo, hata kama kliniki ni Alhamisi. Ule wa moto usiouma watu huukanda kwa mafuta wakidhani ni mteguko, kumbe ndani mifupa inavunjika.

Na kabla hujatoka chumbani uliza tarehe ya kurudi na sababu yake. Mwenye kisukari ambaye miguu yake inasikia na damu inafika hutazamwa mara moja kwa mwaka. Ganzi peke yake inaleta miezi 6 hadi 12. Ganzi pamoja na damu hafifu au vidole vilivyopinda, miezi 3 hadi 6. Aliyewahi kuwa na kidonda huitwa kila mwezi mmoja hadi mitatu, hata kikipona, kwa sababu hurudi.

Mama sasa yuko kwenye hilo kundi la mwisho, kwa hisani ya msumari. Mfuko wa viatu unaning'inia nyuma ya mlango. Na fundi viatu wa mtaani ameshazoea: mama anaingiza mkono ndani ya kiatu, polepole, mpaka kwenye vidole, ndipo anatoa hela.